Chumvi Isiyofika Mezani

Nikimwambia mtu wa nyumbani kwamba miezi ya baridi kazi yangu ni kubeba chumvi kwa lori, huniuliza naipeleka maduka gani. Hakuna duka. Mzigo ninaopakia Goderich, mji mdogo ulio kando ya Ziwa Huron huku Ontario, Kanada, haujawahi kuisogelea sufuria. Ni chumvi ya kijivu, punje zake zinakaribia ukubwa wa punje za mahindi, ina udongo kidogo ndani yake, na imetiwa dawa ili isigande ikawa jabali ghalani. Inakwenda kumwagwa barabarani.

Nchini Marekani, ambako hesabu hizi huwekwa vizuri, takriban asilimia 40 ya chumvi yote inayotumika huishia barabarani wakati wa theluji. Kiasi kinachokaribia hicho huchukuliwa na viwanda vya kemikali. Viwanda vya vyakula hupata asilimia nne hivi. Kwa hiyo ukiwaza chumvi ukawaza chakula, unawaza makombo ya biashara yenyewe.

Nasema haya kwa sababu kundi la WhatsApp la ukweni halipitishi muda bila mtu kurusha orodha ya “matumizi 50 ya chumvi ya mawe”. Kutoa madoa, kufukuza siafu, kusukutua koo, kuoshea utumbo, kunyunyiza mlangoni ili wabaya wasiingie. Sibishani na wakwe. Ila orodha za namna hiyo zinakuachia vitu hamsini vya kukariri bila kukueleza hata kimoja. Chumvi haina kazi hamsini. Ina tabia mbili tatu, basi, na binadamu amezipeleka tabia hizo kila mahali zinapoweza kumfaa.

Nimekulia Kigoma, na chumvi yetu ilikuwa ya Uvinza. Pale kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Ruchugi na Malagarasi, na watu wamekuwa wakiyachemsha maji hayo kwenye vyungu tangu karne ya tano au ya sita; wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale miaka ya 1960 wakavikuta vigae. Wavinza waliuza chumvi hiyo mbali sana kabla Wajerumani hawajaja kuweka kiwanda chao mwanzoni mwa karne ya 20. Pwani nako, kuanzia Lindi na Bagamoyo hadi Gongoni juu ya Malindi, maji ya bahari huingizwa kwenye mashamba ya chumvi na jua likamaliza kazi. Hata ile chenga kubwa tunayoiita chumvi ya mawe sokoni mara nyingi imetoka mashambani humo. Kuichimba chumvi ardhini kama makaa ya mawe ni jambo nililokutana nalo huku.

Mgodi wa Goderich uko mita 550 hivi chini, umepenya mpaka chini ya ziwa lenyewe. Mwaka 1866 watu walitoboa kisima hapo wakitafuta mafuta, wakakuta chumvi. Mgodi ulifunguliwa 1959, na hadi leo ndio mkubwa kuliko migodi yote ya chini ya ardhi ya chumvi duniani. Tabaka lake ni mabaki ya bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na chumvi ya umri huohuo ndiyo inayochimbwa chini ya jiji la Detroit na chini ya Ziwa Erie kule Cleveland. Kwa miaka mingi wachimbaji walitoboa ukuta, wakatega baruti, wakalipua, mashine zikazoa. Nguzo nene za chumvi zinaachwa zishike dari.

Mimi sijawahi kushuka huko. Dereva anaishia kwenye mizani na ghalani. Unaingiza tela kinyumenyume, mwenye kijiko anachota kwenye mlima wa chumvi, anamwaga, na punje zinagonga bodi ya tela kama mvua ya mawe kwenye bati. Ukishapima uzito unafunga turubai vizuri, maana mvua ikiukuta mzigo wazi unapoteza chumvi njiani na ile inayobaki inashikana kwenye kona za tela, utaibomoa kwa sururu. Ndiyo maana maghala ya chumvi ya manispaa huku yamejengwa kwa paa la kuba, na mtu asiyejua hudhani ni misikiti midogo isiyo na minara.

Wengi wanadhani chumvi inaichoma barafu. Haina joto la kuchoma chochote. Maji yakiganda, chembe zake hujipanga safu kwa safu. Chumvi ikiyeyuka humo, sodiamu na kloridi, yaani chembe zinazoiunda, zinajipenyeza katikati na kuzivuruga safu hizo, hazipangiki tena mpaka baridi izidi. Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Yenye chumvi asilimia 10 huganda kwenye nyuzi 6 hivi chini ya sifuri, na yakifika asilimia 23 yanahimili hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Baada ya hapo hata uongeze gunia zima, hupati kitu.

Hizo ni hesabu za maabara. Barabarani, baridi ikipita nyuzi 10 hivi chini ya sifuri, chumvi inakuwa mvivu: ili ifanye kazi lazima kwanza iyeyuke, na katika baridi hiyo maji ya kuiyeyusha ni haba. Siku hizo utaona magari ya manispaa yanamwaga mchanga, ambao hauyeyushi barafu ila unayapa matairi kitu cha kung'ata. Siku nyingine wanaitanguliza theluji: wanapita mapema wakinyunyiza maji ya chumvi, unakuta lami imechorwa mistari myeupe iliyonyooka na mbingu bado safi. Wengine huchanganya humo mabaki ya kiwanda cha sukari ya bitiruti ili yashike vizuri.

Na punje lazima iwe kubwa. Chumvi laini ya mezani ikimwagwa juu ya barafu inayeyuka palepale juu na kuishia hapo. Punje kubwa inaitoboa barafu kwenda chini mpaka kwenye lami, kisha maji yake yanaenea kwa chini na kuibandua barafu. Likipita jembe la theluji, kipande kizima kinang'oka. Mtu wa machinjioni angekuelewa mara moja ukimweleza hili, kwa sababu naye hataki chumvi laini, kwa sababu zake.

Ngozi ya ng'ombe ikishachunwa ina saa chache tu kabla haijaanza kuoza. Usipokuwa na nafasi ya kuiwamba ikauke, unaitandaza upande wa nyama juu, unaimwagia chumvi ya chenga bila huruma, unalaza nyingine juu yake, unaendelea. Baada ya muda maji yanaanza kuchuruzika kutoka kwenye lundo, mekundumekundu. Chumvi inayanyonya kutoka ndani ya ngozi, na bakteria wanaoozesha nao wananyonywa yao. Chumvi laini ingeyeyuka haraka, ikakimbia na maji ya mwanzo na kuacha mabaka yasiyoguswa. Hayo ndiyo yanayooza, na mwenye kiwanda akiipokea ngozi yenye mabaka anashusha bei. Papa mkavu na ng'onda wa pwani ni habari hiyohiyo. Samaki anapasuliwa, anapigwa chumvi, anawekwa juani, na hakuna friji iliyohitajika miaka yote ambayo majahazi yalikuwa yanapishana baina ya Arabuni na Zanzibar.

Hiyo ndiyo tabia ya kwanza: chumvi na maji haviachani. Inayavuta, inayanyang'anya kwa mwenzake, inayazuia kuganda. Hata dawa ya mtoto anayeharisha imesimama hapo. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sukari na chumvi zinasaidiana kuvuka ukuta wa utumbo na maji yanafuata. Chumvi ileile inayoikausha ngozi ya ng'ombe inamrudishia mtoto maji, tofauti ni kipimo tu. Hapo usikadirie kwa mkono.

Maji yenye chumvi yana jambo lingine: yanapitisha umeme. Mjomba wangu ni fundi umeme, na kwa miaka mingi amekuwa akifukia ethi rodi, zile fimbo za chuma za kupeleka umeme ardhini, za nyumba za watu pale Kigoma. Anachimba shimo la kimo cha kifua, anasimamisha rodi, anashindilia mkaa, anamwaga chumvi, mkaa tena, chumvi tena, halafu ndoo ya maji. Mkaa unashika unyevu, chumvi inaupa unyevu huo uwezo wa kubeba umeme, na radi au waya uliochubuka ukileta balaa, njia ya kwenda ardhini ipo wazi. Kiangazi huwaambia wenye nyumba wapamwagie maji. Wapo mafundi wa siku hizi wanaoikataa kazi hiyo kwa sababu chumvi huila rodi yenyewe na mvua huisomba baada ya misimu michache, na kwa kweli hoja yao ina uzito. Nilimpigia siku moja kumuuliza.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Huko bado mnamwaga chumvi barabarani?”

“Bado, mjomba.”

“Basi nyinyi mmeiwekea nchi nzima ethi.”

Alicheka peke yake kwa muda. Ila alikuwa amegusa penyewe, kwa sababu unyevu wa chumvi unaopitisha umeme ndio huohuo unaokula chuma. Kutu ni umeme mdogo unaotembea ndani ya chuma kilicholowa, na chumvi inauharakisha, tena inauweka unyevu pale hata siku ambayo hakuna mvua. Gari la miaka kumi huku linaweza kuwa na matundu ambayo gari la miaka thelathini kule Kigoma halina. Tela langu naliosha kwa chini kila ninapopata maji ya moto, na bado mabomba ya breki ndiyo ninayoyaangalia kwanza asubuhi. Ndugu zangu mnaonunua magari ya huku mkayapakia melini, rangi ya juu isiwadanganye. Inama, washa tochi, tazama chasi.

Nchini Uganda kuna kielelezo kikubwa zaidi. Ziwa Katwe, huko Kasese, limetoa chumvi kwa karne nyingi. Kila mwenye nguvu katika eneo lile alilitaka, na Lugard, mwanajeshi wa Kiingereza, alipofika mwaka 1891 alijenga ngome hapohapo. Wanaume huingia ndani ya maji makali hadi kiunoni na kung'oa mabamba ya chumvi sakafuni mwa ziwa, ambayo mengi huwa ya kulambwa na ng'ombe. Miaka ya 1970 likaletwa wazo la kuiachia mashine kazi hiyo, kikajengwa kiwanda cha Kijerumani cha kuyachemsha maji ya ziwa. Mabomba yaliliwa na maji hayo mara tu kazi ilipoanza, kiwanda kikafa, na magofu yake yapo mpaka leo huku watu wakiendelea kuchota kwa mikono.

Barabara nazo zina mahali pake pa kupeleka madhara. Kanada humwaga takriban tani milioni 5 za chumvi kwa mwaka, na hakuna hata punje inayotoweka. Theluji ikiyeyuka, inaingia mitoni na ardhini. Mwaka 2001 serikali ya Kanada ilitoa tathmini rasmi ikisema chumvi za barabarani zinayadhuru mazingira, na kipimo chake kwa viumbe wa maji yasiyo ya chumvi ni miligramu 120 za kloridi kwa lita endapo maji yatakaa hivyo muda mrefu. Vijito vinavyopita mijini huvuka hapo majira ya baridi. Kule Flint, Michigan, ambako mji ulihamia kwenye maji ya mto wake Aprili 2014, kosa kubwa lilikuwa kutotia dawa ya kulinda mabomba, na matokeo yake madini ya risasi yakaingia kwenye maji ya watu. Lakini mto wenyewe ulikuwa na kloridi nyingi, sehemu yake ikitoka barabarani, na kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa maji hayo Oktoba mwaka huohuo kwa sababu yalikuwa yanaozesha vyuma. Watoto waliendelea kuyanywa kwa mwaka mzima baada ya hapo. Nikisoma habari hiyo huwa siufurahii mshahara wangu sana, na kesho yake naamka napakia tena, kwa sababu nimeshaona pia barabara isiyotiwa chumvi inavyoyapanga magari mtaroni.

Wanyama wao wanaifurahia. Moose, paa mkubwa wa huku anayemzidi farasi kimo, husimama barabarani kulamba lami, na kule Jasper waliweka vibao vya kuwaomba watu wasiwaache wanyama hao walambe magari. Wanaoujua Mlima Elgon hawatashangaa: tembo wa upande wa Kenya huingia pango la Kitum usiku, gizani kabisa, na kuchokoa kuta zake kwa pembe ili wapate chumvichumvi ya sodiamu iliyomo.

Upande wa viwanda mambo ni mengine kabisa, kwa sababu huko chumvi haibaki chumvi. Iyeyushe kwenye maji, pitisha umeme, na inavunjika: huku inatoka gesi ya klorini, kule haidrojeni, na ndani ya maji inabaki kostiki soda. Kitu ulichokilamba asubuhi kwenye yai kimezaa vitu viwili ambavyo hutaki kimoja kikuguse. Klorini ndiyo gesi ambayo Wajerumani waliifungulia upeponi huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikawakaba wanajeshi kwenye mahandaki. Klorini hiyohiyo, kwa matone, ndiyo iliyoyafanya maji ya bomba yasiue watu kwa kipindupindu. Siku hizi kuna vifaa vidogo vinavyofaa hata zahanati ya kijijini: chumvi kidogo, maji, betri au paneli ya sola, na baada ya saa kadhaa una maji ya klorini ya kupigia deki na kutibu maji ya kunywa. Kama ningekuwa na neno la kuongeza kwenye ile orodha ya ukweni, ningeanza na hilo.

Kisha tazama lile bomba jeupe la PVC chini ya sinki lako. Asilimia 57 ya uzito wake ni klorini, yaani zaidi ya nusu ya bomba ilianza safari ikiwa chumvi. Tazama na sufuria. Ili kupata alumini, udongo wa boksiti huyeyushwa kwanza ndani ya kostiki soda iliyotokana na chumvi ileile. Niliposema mzigo wangu haujaisogelea sufuria nilikuwa nazungumzia mzigo wangu, maana binamu zake ndio walioitengeneza.

Kostiki watu wa Kigoma wanaijua vizuri kuliko mimi, kwa sababu ya sabuni ya mawese. Mama mpika sabuni anakufundisha jambo moja kabla ya mengine yote: tia kostiki kwenye maji, usitie maji kwenye kostiki, la sivyo inachemka ghafla na kukurukia usoni. Anakoroga nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa mti mrefu, ndoo ya plastiki na si ya bati la alumini, kwa sababu kostiki ingeila. Maji hayo yakishapoa yanakutana na mawese, na mafuta yanageuka sabuni. Kwenye viwanda vikubwa chumvi hurudi kwa mara ya pili. Sabuni ikiwa bado uji wa moto hutiwa chumvi, nayo hujitenga na kuelea juu, chini ikibaki glisirini na maji ya chumvi. Watengeneza batiki na viwanda vya vitenge nao huitia kwenye pipa la rangi, maana aina nyingi za rangi zingependa kubaki kwenye maji, na chumvi huzisukuma zikashike pamba.

Soda ash ya kutengenezea vioo ingestahili makala yake. Mwaka 1861 Mbelgiji Ernest Solvay alipata njia ya kuitengeneza kwa maji ya chumvi na mawe ya chokaa, na nchi nyingi zinaipata hivyo hadi sasa. Kenya haina shida hiyo. Ziwa Magadi linajizalishia lenyewe, na tangu 1911 kampuni imekuwa ikiichota.

Hii ya pinki sasa. Inauzwa Dar, inauzwa Nairobi, na huku iko kwenye kila duka, imeandikwa Himalaya kwa herufi za mapambo. Inatoka Khewra, Punjab ya Pakistan, kwenye vilima vinavyoitwa Salt Range, na Himalaya yenyewe iko mbali na hapo. Ni chumvi ya mwambani halisi, ya mgodi wa kale. Wapakistani wanasimulia kwamba farasi wa jeshi la Alexander Mkuu ndio walioigundua kwa kulamba mawe, na mwaka 1872 mhandisi aliyeitwa Warth akachimba handaki kuu la kuingilia. Urembo wake ni chuma, yaani kutu. Tangazo linasema ina madini 84. Huenda ukiipima kwa mashine kali utayaona, lakini zaidi ya asilimia 95 yake ni sodiamu kloridi kama nyingine yoyote, na ili upate faida ya hayo mengine ungekula chumvi ya kukuua kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, iwe ya rangi gani.

Kinachoniudhi si bei. Ni kwamba kwa kawaida haina madini joto. Kenya iliagiza chumvi itiwe madini joto tangu 1978, Tanzania ikafuata miaka ya 1990, na sababu ilionekana kwa macho: akina mama wenye tezi la shingo nyanda za juu kusini, na watoto waliodumaa akili kabla hawajazaliwa. Pakiti ya shilingi mia kadhaa ililipunguza tatizo hilo kimyakimya kiasi kwamba watu wamelisahau, na sasa mwenye uwezo anailipia zaidi ile isiyo nayo. Taa ya chumvi iweke sebuleni upendavyo. Ikianza kutoa machozi siku za mvua usiite shehe, ni unyevu wa hewani imeuvuta.

Nimeiacha nyuma tabia ambayo mimi huitafakari zaidi nikiwa njiani usiku, ya mwamba wenyewe. Chumvi ya chini ya ardhi ni jiwe, lakini jiwe linalotambaa. Likigandamizwa na uzito wa juu yake linasogea taratibu mno, milimita kwa milimita, na likipata ufa linauziba. Maji hayapiti, gesi haipiti. Watu wakaona hapo pana ghala.

Baada ya nchi za Kiarabu kuacha kuiuzia mafuta mwaka 1973, Marekani ilipitisha sheria ya kuweka akiba ya mafuta mwaka 1975, na akiba hiyo iko ndani ya chumvi huko Texas na Louisiana: mapango 60, yanayoweza kubeba mapipa zaidi ya milioni 700. Hakuna mtu aliyeingia na sururu. Unatoboa kisima, unapampu maji yasiyo na chumvi, yanaiyeyusha chumvi, unayatoa, unarudia, mapipa saba ya maji kwa kila pipa moja la nafasi. Pango la kawaida lina upana wa mita 60 na kimo cha zaidi ya mita 700. Mafuta yakihitajika, wanasukuma maji kwa chini na mafuta yanaelea yakapanda. Huku kwetu Sarnia, mwendo mfupi kutoka ninapopakia, mapango ya namna hiyo huhifadhi gesi na malighafi za viwanda vya kemikali. Kule Goderich walitafuta mafuta wakapata chumvi. Wenzao wamekwenda kwenye chumvi ili wayafiche mafuta.

Kila kitu kinategemea maji yasiingie bila ruhusa. Tarehe 20 Novemba 1980, Louisiana, mtambo wa kutafuta mafuta ulikuwa unatoboa katikati ya Ziwa Peigneur, ziwa la kina cha mita 3 hivi, na kekee yake ikaingia kwenye mgodi wa chumvi uliokuwa chini. Maji yalianza kuyeyusha tundu, tundu likapanuka, na ziwa lote likamiminika mgodini pamoja na mtambo, matishari 11 na ekari kadhaa za bustani. Mfereji uliokuwa ukitoa maji ziwani kwenda baharini uligeuza mkondo, bahari ikaja kuchukua nafasi. Wachimbaji wote walipanda wakatoka salama. Hakufa hata mtu mmoja, jambo ambalo hata sasa nashindwa kulielewa. Siku chache baadaye matishari tisa yaliibuka yenyewe yakaelea.

Hata hivyo wapo waliouamini mwamba huo kwa mzigo mzito kuliko mafuta. Karibu na Carlsbad, New Mexico, mita 655 chini, Marekani imekuwa ikizika taka za mionzi zilizotokana na kutengeneza silaha tangu Machi 1999. Hesabu yao ni kwamba chumvi itatambaa, itayakumbatia mapipa na kuyafungia. Februari 2014 mambo mawili yaliharibika ndani ya siku kumi: lori la chumvi liliwaka moto chini ya ardhi, halafu pipa likapasuka kwa sababu ndani yake lilikuwa limetiwa aina mbaya ya mchanga wa choo cha paka, ambao hutumika kunyonya majimaji. Kazi ilisimama kama miaka mitatu. Chumvi yenyewe haikuwa na kosa katika yote mawili.

Wajerumani waliwahi mapema na hawakuchagua vizuri. Kati ya 1967 na 1978 waliweka mapipa zaidi ya 125,000 ya taka za mionzi katika Asse, mgodi wa zamani uliokuwa umeshachimbwa ukabaki mwembamba kwenye kuta. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 maji yamekuwa yakipenya, kwa miaka mingi kiasi cha lita 12,000 kwa siku, na kila siku inabidi yakingwe na kupandishwa juu. Mwaka 2013 bunge lilipitisha sheria kwamba mapipa yote yatolewe. Mipango ya sasa inasema kuyatoa kutaanza baada ya 2030, na kwanza lazima wachimbe shimo jipya la kushukia.